Kumbukumbu za Simu za Kila Mtu: Uchambuzi wa Kisa cha Digital Rights Ireland

Tarehe 8 Aprili 2014, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Luxembourg, ilitangaza kuwa batili sheria ambayo kwa miaka minane ilikuwa imezilazimisha kampuni za simu na za intaneti kuweka kumbukumbu za mawasiliano ya wateja wao wote, wakiwamo wale ambao hakuna polisi aliyewahi kuwashuku kwa lolote. Katika mijadala mingi kuhusu sheria za usalama wa mtandao na haki ya faragha, watu huuliza kipi kati ya hivyo viwili ni kizito zaidi, kana kwamba vinaweza kuwekwa kwenye mizani na kupimwa kwa kilo. Kesi hii iliamuliwa kwa swali jingine, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye manufaa zaidi kwa mtunga sheria yeyote: je, dola ikusanye kwanza na kushuku baadaye, au ni lazima ishuku kwanza ndipo ikusanye?

Agizo lilivyozaliwa

Sheria yenyewe ni Agizo namba 2006/24 la Umoja wa Ulaya, ambalo kila nchi mwanachama ililazimika kutunga sheria yake ya kulitekeleza. Lilizaliwa katika msiba. Tarehe 11 Machi 2004 mabomu yalilipuka ndani ya treni za Madrid, na tarehe 7 Julai 2005 usafiri wa umma wa London ukashambuliwa. Huko Madrid, simu ya mkononi iliyokutwa ndani ya begi la bomu lililoshindwa kulipuka, pamoja na laini yake, iliwafikisha wachunguzi kwa washukiwa wa kwanza, na tangu hapo ilikuwa vigumu kwa mwanasiasa yeyote kusimama hadharani na kusema kwamba rekodi za simu hazina msaada. Kamisheni ya Ulaya iliwasilisha pendekezo tarehe 21 Septemba 2005. Tarehe 14 Desemba mwaka huo huo Bunge la Ulaya lilipiga kura: 378 waliunga mkono, 197 walipinga, 30 hawakuegemea upande wowote. Agizo likapitishwa rasmi tarehe 15 Machi 2006. Muda kati ya pendekezo na kura haukufika miezi mitatu, na sheria yenyewe iligusa simu ya kila mkazi wa nchi 25.

Agizo halikuruhusu kurekodi maneno ya mazungumzo wala maandishi ya ujumbe. Kilichotakiwa kuhifadhiwa ni taarifa za juu ya mawasiliano: nani alimpigia nani, saa ngapi, kwa muda gani, kwa kifaa gani, na simu ilikuwa karibu na mnara upi; kwa upande wa intaneti, nani aliingia mtandaoni lini na kwa anwani ipi ya IP (namba inayoutambulisha muunganisho wake mtandaoni), na nani alimwandikia nani barua pepe. Taarifa hizo zilipaswa kukaa kwa muda usiopungua miezi 6 na usiozidi miaka 2, ili zitumike kuchunguza, kugundua na kushtaki makosa makubwa. Makosa gani ni makubwa? Kila nchi iliachiwa iamue yenyewe.

Watetezi wa Agizo walikuwa na hoja moja waliyoirudia mara nyingi, kwamba bahasha siyo barua, na anayeisoma bahasha kwa nje hajaingilia siri ya mtu. Hoja hiyo ilipata jibu la vitendo nchini Ujerumani. Mwanasiasa wa chama cha Kijani, Malte Spitz, alikwenda mahakamani dhidi ya kampuni yake ya simu, Deutsche Telekom, ili apewe kumbukumbu zake mwenyewe. Alikabidhiwa mistari 35,830 ya taarifa za miezi sita, kuanzia mwisho wa Agosti 2009 hadi mwisho wa Februari 2010, na mwaka 2011 gazeti la Die Zeit lilizichapisha mtandaoni kama ramani inayotembea. Msomaji aliweza kumfuata mtu huyo kutoka mji hadi mji, akaona treni aliyopanda, saa aliyolala, saa aliyoamka na siku alizokuwa na shughuli nyingi za simu. Hakukuwa na neno hata moja la mazungumzo yake. Nadhani hakuna waraka wa kisheria ulioeleza vizuri zaidi kwa nini bahasha, zikiwa nyingi kiasi hicho, zinasema kuliko barua yenyewe: mtu anaweza kudanganya katika barua, lakini ni vigumu mno kudanganya kwa miezi sita kuhusu mahali ulipolala.

Njia ya kufika Luxembourg

Mlalamikaji wa kwanza alikuwa shirika dogo la kutetea haki za mtandaoni, Digital Rights Ireland, lililofungua kesi katika Mahakama Kuu ya Ayalandi tarehe 11 Agosti 2006. Msingi wake wa kudai haki ya kusikilizwa unafurahisha: shirika lilieleza kuwa linamiliki simu ya mkononi iliyosajiliwa tarehe 3 Juni 2006 na ambayo limekuwa likiitumia tangu siku hiyo. Simu moja tu, basi. Lakini kwa kuwa sheria haikubagua simu yoyote, mwenye simu yoyote alikuwa ameguswa.

Jambo ambalo husahauliwa ni kwamba serikali ya Ayalandi yenyewe ilikuwa imelipinga Agizo hilohilo, ingawa kwa sababu tofauti kabisa. Ilidai kwamba Agizo lilitungwa chini ya mamlaka yasiyo yake, yaani chini ya kanuni za soko la pamoja badala ya zile za ushirikiano wa polisi na mahakama. Ilishindwa tarehe 10 Februari 2009, na katika kesi hiyo suala la faragha halikujadiliwa.

Wakati huo mahakama za nchi moja moja zilikuwa zimeanza kukataa. Mahakama ya Katiba ya Romania ilibatilisha sheria ya nchi hiyo ya kulitekeleza Agizo mwezi Oktoba 2009. Ile ya Ujerumani, kwa malalamiko ya watu zaidi ya 30,000, iliifuta sheria ya nchi hiyo tarehe 2 Machi 2010 na kuamuru data zilizokwisha kukusanywa zifutwe bila kuchelewa. Hata hivyo majaji wa Ujerumani hawakusema kwamba uhifadhi wa namna hiyo umekatazwa moja kwa moja. Walisema ulikuwa umeundwa vibaya, ulinzi wa data ulikuwa hafifu, na masharti ya kuzitumia hayakueleweka. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa sababu Luxembourg ilikwenda mbali zaidi.

Nchini Austria walalamikaji walikuwa serikali ya jimbo la Kärnten pamoja na watu 11,130. Kesi yao iliunganishwa na ile ya Ayalandi, iliyokuwa imepelekwa Luxembourg mwaka 2012, na zikapewa namba C-293/12 na C-594/12.

Mahakama ilivyojenga hoja yake

Msomaji anayetarajia kukuta majaji wakiishutumu dola atashangaa. Mahakama ilianza kwa kukubali mambo mawili ambayo serikali zilitaka yakubaliwe. La kwanza, kwamba kupambana na ugaidi na makosa makubwa ni lengo halali la umma, na kwamba rekodi za mawasiliano ni nyenzo yenye thamani katika uchunguzi. La pili, kwamba kiini cha haki ya faragha hakikuvunjwa, kwa kuwa maudhui ya mawasiliano hayakuguswa. Kwa hiyo kesi haikuisha kwenye swali la kama dola ina sababu njema. Ilihamia kwenye uwiano: je, hatua iliyochukuliwa haizidi kile kinachohitajika hasa?

Kabla ya kujibu, Mahakama ilipima uzito wa uingiliaji wenyewe chini ya Ibara za 7 na 8 za Mkataba wa Haki za Msingi wa Umoja wa Ulaya, moja ikihusu maisha binafsi na nyingine ulinzi wa taarifa binafsi. Ilisema kwamba taarifa hizo zikiwekwa pamoja zinaweza kutoa picha iliyo wazi mno ya maisha ya mtu: mazoea yake ya kila siku, makazi yake ya kudumu na ya muda, safari zake, shughuli zake, na watu anaohusiana nao. Iliongeza kwamba kuhifadhiwa na kutumiwa kwa taarifa hizo bila mhusika kuarifiwa kunaweza kumjengea hisia kwamba maisha yake yanafuatiliwa muda wote. Sehemu hii ya hukumu inastahili kusomwa polepole, kwa kuwa inahesabu madhara yanayotokea hata pale ambapo hakuna ofisa yeyote aliyefungua faili. Mtu anayedhani anatazamwa hubadilisha anayempigia, na madhara hayo hayaonekani katika takwimu yoyote ya matumizi mabaya.

Kisha zikaja kasoro, na hapa Mahakama haikuwa na huruma. Agizo liligusa takriban watu wote wa Ulaya bila kutofautisha, wala kuweka kikomo kwa kuangalia lengo lake. Liliwahusu hata wale ambao hakuna dalili yoyote, hata ya mbali, ya kuwahusisha na uhalifu. Halikumtenga wakili, daktari wala mwingine yeyote ambaye sheria za nchi yake zinamlazimisha kutunza siri za kazi. Halikutaka kuwepo uhusiano kati ya data zinazohifadhiwa na tishio fulani, iwe kwa kipindi maalumu, eneo maalumu au kundi maalumu la watu. Kuhusu kuzifungua data hizo, halikuweka kipimo chochote cha nani azione na kwa kosa gani, na halikutaka ombi la polisi lipitiwe kwanza na mahakama au chombo huru. Muda wa miezi 6 hadi 24 ulitajwa bila kueleza kwa nini aina moja ya data ikae sawa na nyingine.

Kasoro ya mwisho inahusu usalama wa mtandao kwa maana yake ya moja kwa moja, na ndiyo inayopuuzwa zaidi katika maelezo ya kesi hii. Agizo liliziruhusu kampuni kuzingatia gharama zinapoamua kiwango cha ulinzi wa data, halikuhakikisha kwamba data zitateketezwa kabisa muda ukiisha, na halikuzitaka zibaki ndani ya mipaka ya Umoja wa Ulaya, ambako mamlaka huru ingeweza kuzikagua. Kwa maneno mengine, sheria iliyotungwa ili kuwalinda watu iliamuru kujengwa kwa maghala makubwa ya taarifa zao, kisha ikawaachia wafanyabiashara wapime bei ya kufuli. Ghala la namna hiyo ni windo la mdukuzi yeyote mwenye subira. Data ambayo haikukusanywa haiwezi kuibwa, na sijaona sheria nyingi za usalama wa mtandao zinazoihesabu hoja hiyo nyepesi upande wa usalama badala ya kuiacha upande wa faragha peke yake.

Mwanasheria Mshauri wa Mahakama, Pedro Cruz Villalón, alikuwa amependekeza mwezi Desemba 2013 kwamba Agizo likibatilishwa, athari za ubatili zisitishwe kwa muda ili watunga sheria walirekebishe. Majaji hawakumfuata. Agizo likahesabiwa kuwa batili tangu siku lilipoanza kutumika.

Siku iliyofuata

Tarehe 9 Aprili 2014, siku moja tu baada ya hukumu, kampuni ya Uswidi ya Tele2 iliiarifu mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo kwamba kuanzia tarehe 14 Aprili haitahifadhi tena data hizo. Mamlaka ikaiamuru iendelee, kwa hoja kwamba sheria ya Uswidi bado ipo hata kama Agizo lililoizaa limekufa. Uingereza nayo iliharakisha mswada wa dharura, ambao ndani ya siku chache ulikuwa sheria, tarehe 17 Julai 2014. Wabunge wawili kutoka vyama hasimu, David Davis na Tom Watson, waliishtaki serikali kwa sheria hiyo. Davis alijiondoa katika kesi mwaka 2016 alipoteuliwa kuwa waziri, jambo linaloonyesha jinsi mtu anavyoweza kubadilisha kiti bila lazima kubadilisha moyo. Kesi za Uswidi na Uingereza ziliunganishwa, na tarehe 21 Desemba 2016 Mahakama ilitamka kwamba sheria ya nchi inayoamuru uhifadhi wa jumla, usiobagua, kwa ajili ya kupambana na uhalifu, haikubaliki.

Serikali hazikutii kwa moyo mmoja. Zilirudi na kesi mpya, na tarehe 6 Oktoba 2020, katika kesi iliyoanzishwa na shirika la Ufaransa la La Quadrature du Net pamoja na wengine, Mahakama ililegeza msimamo kwa kupanga ngazi. Pale usalama wa taifa unapokabiliwa na tishio la kweli, lililopo au linalotabirika, uhifadhi wa jumla unaweza kuamriwa kwa muda wenye kikomo, chini ya uangalizi wa mahakama au chombo huru. Kwa makosa makubwa, kinachoruhusiwa ni uhifadhi unaolenga kundi fulani la watu au eneo fulani, au amri ya kugandisha data zilizopo, yaani kuzuia zisifutwe, mara uchunguzi unapoanza. Anwani za IP za anayeanzisha mawasiliano zinaweza kuhifadhiwa kwa jumla kwa muda maalumu, kwa sababu kosa linapotendeka mtandaoni, anwani hiyo huenda ikawa njia pekee ya kumfikia mtendaji.

Ruhusa hiyo ya mwisho naiona kuwa ya busara. Mtu anayesambaza picha za unyanyasaji wa watoto hapiti chini ya mnara wowote wenye maana. Anaacha anwani, basi. Uhifadhi wa kulenga eneo, kwa upande mwingine, unanipa mashaka. Ukiamua kwamba simu za mtaa wenye uhalifu mwingi ndizo zihifadhiwe, umewaokoa wakazi wa mitaa tulivu na kuwatia doa majirani wote wa mhalifu kwa kosa la kuishi karibu naye. Shaka ya jumla imepunguzwa ukubwa, lakini imebaki shaka ya jumla.

Ngazi ya usalama wa taifa ndiyo iliyogeuka mlango. Mwezi Aprili 2021 Baraza la Dola la Ufaransa, mahakama ya juu ya kesi za utawala, lilikubali kwamba tishio lililokuwapo lilitosha kuhalalisha uhifadhi wa jumla, na kwamba data zilizowekwa kwa sababu hiyo zinaweza kugandishwa na kutumika katika upelelezi wa makosa makubwa ya kawaida. Ghala lilijazwa kwa jina la ugaidi, likafunguliwa kwa ajili ya wizi wa kutumia silaha.

Kesi ngumu kuliko zote

Hoja za faragha huwa nyepesi kuzitetea pale mlalamikaji anapokuwa shirika lenye simu moja. Mwaka 2022 mlalamikaji alikuwa mfungwa. Mahakama ilimtaja kwa herufi mbili tu, G.D.; alikuwa amehukumiwa kifungo cha maisha nchini Ayalandi mwaka 2015 kwa mauaji ya mwanamke, na rekodi za simu zilikuwa sehemu ya ushahidi uliomfunga. Rekodi hizo zilipatikana chini ya sheria ya Ayalandi ya mwaka 2011, iliyokuwa imetungwa kutekeleza Agizo na iliyozitaka kampuni zihifadhi data za simu kwa miaka 2. Maombi ya kuzifungua yaliidhinishwa ndani ya jeshi la polisi lenyewe, na ofisa wa cheo cha juu.

Hapa ndipo msimamo wa mtu hupimwa. Mwuaji anadai kwamba haki zake zilikiukwa, na kisheria ana hoja. Tarehe 5 Aprili 2022 Mahakama ilikataa mambo mawili: uhifadhi wa jumla wa data za simu na mahali kwa ajili ya makosa makubwa, hata yawe makubwa kiasi gani, na matumizi ya data zilizowekwa kwa ajili ya usalama wa taifa katika upelelezi wa kawaida, njia ileile iliyokuwa imechukuliwa na Ufaransa. Ilisema pia kwamba ofisa wa polisi hawezi kuwa chombo huru cha kumchuja polisi mwenzake. Lakini iliacha mikononi mwa sheria za nchi swali la kama ushahidi uliopatikana kwa njia hiyo utupwe.

Mahakama za Ayalandi hazikuutupa. Rufaa yake ilikataliwa mwaka 2023 na Mahakama ya Rufaa, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu nayo ikaikataa. Baadhi ya wasomaji wataona kwamba huo ni ushindi wa faragha usio na meno, yaani kanuni inatamkwa halafu matokeo yanabaki yaleyale. Mimi naona tofauti. Polisi waliotumia sheria iliyokuwa hai wakati ule hawakuwa wakiivunja. Walioiacha hai baada ya Aprili 2014, wakijua kilichotamkwa Luxembourg kuhusu mama yake, yaani Agizo, ni watunga sheria. Ilikuwa miaka minane ya kungoja kesi ya mauaji ifike ndipo mtu ashtuke, na hatari waliyoiacha ni kubwa kwa upande ule waliodai kuulinda: kila shtaka zito lililotegemea rekodi hizo lilikuwa limejengwa juu ya ardhi inayotikisika.

Bunge la Ayalandi lilipitisha marekebisho mwezi Julai 2022, miezi mitatu baada ya hukumu, kwa haraka ileile iliyotumika kulitunga Agizo miaka kumi na sita kabla. Chini ya sheria hiyo mpya, uhifadhi wa jumla wa data za simu na mahali umebaki kwa ajili ya usalama wa taifa tu, na waziri anayeutaka ni lazima amwombe jaji wa Mahakama Kuu atoe amri ya miezi 12. Miezi hiyo ikiisha, waziri anaweza kurudi kuomba mingine, na jaji atalazimika tena kuamua kama tishio bado lipo, kwa kutegemea zaidi maelezo ya serikali inayoomba.